Simu ya mwalimu na programu za bure: nani analipa?

Mwezi Novemba mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilianza kuwagawia walimu wa shule za umma vishikwambi karibu laki tatu, vingi vikiwa ni vile vile walivyotembea navyo makarani wa sensa ya watu na makazi mwezi Agosti mwaka huo. Neno kishikwambi, ambalo hadi hapo lilikuwa likitumiwa zaidi na wataalamu wa lugha, likaingia midomoni mwa watu kwa muda mfupi tu. Walimu tunaowafahamu walikipokea kifaa hicho kwa furaha, wakakigeuza mbele na nyuma, kisha wakauliza jambo moja: bando ananunua nani?

Wapenzi wasomaji, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Hapa Uingereza tunawafundisha Kiswahili watoto wa jamaa zetu kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi, watoto ambao wengi wao wamezaliwa huku huku. Muhula uliopita tuliamua kuzijaribu programu za simu tunazoambiwa kila siku kwamba zinamrahisishia mwalimu kazi yake na maisha yake. Tulizijaribu upande huu, na mwenzetu anayefundisha darasa la tatu katika shule ya kijijini mkoani Tanga akazijaribu upande wake. Yeye ana simu janja ya bei nafuu iliyopasuka kioo pembeni, na ana kitochi ambacho hakiachi kwa sababu chaji yake hukaa siku nne.

Hatukuzipima programu hizo kwa uzuri wa rangi zake wala kwa nyota zinazowekwa dukani. Karibu zote zimeandikwa kuwa ni za bure. Tulichotaka kujua ni nani hasa anayelipa, na analipa kwa nini: kwa fedha, kwa muda wake, au kwa siri zake na za watu wengine.

Tuanze na WhatsApp, maana siku hizi ndiyo ofisi ya mwalimu. Programu hiyo ilianza mwaka 2009, na mwaka 2014 kampuni ya Facebook ikainunua kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 19. Walimu wengi wa Afrika Mashariki waliizoea kwa kazi mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Tanzania ilizifungua shule zote mwishoni mwa Juni mwaka ule ule. Kenya wanafunzi wote walirejea Januari 2021. Uganda wengi walisubiri hadi Januari 2022, yaani karibu miaka miwili. Katika miezi hiyo kazi za darasani zilipitia kwenye makundi ya wazazi, na shule zilipofunguliwa makundi hayo hayakuvunjwa. Yakaendelea, na mwalimu akawa kazini hata saa tano za usiku, mzazi akiuliza sare ya michezo ni ya rangi gani.

Hata hivyo tusiwe wachoyo wa sifa. Ujumbe wa sauti ni neema kubwa. Bibi anayemlea mjukuu na asiyependa kuandika, au asiyejua, anabonyeza na kusema, na mwalimu anamsikia vizuri kuliko angeandikiwa barua na mtoto wa jirani. Sisi tuliutumia kwa jambo jingine. Tulimwomba mwenzetu awarekodi wanafunzi wake wakitegeana vitendawili, nasi tukawafungulia watoto wetu huku Jumamosi asubuhi. Sauti ya mtoto wa Tanga ikaita “Kitendawili!”, na darasa zima la huku, bila kuambiwa na mtu, likaitikia “Tega!” Alipotaja nyumba isiyokuwa na mlango, msichana wa miaka minane ambaye kwa kawaida hujibu kila kitu kwa Kiingereza akasema “yai” kabla wenzake hawajawahi. Wiki ya pili watoto wetu nao wakarekodi vya kwao, wakavituma.

Gharama ya jambo hilo ilikuwa ndogo, na hapa wasomaji walimu watusikilize. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata megabaiti moja. Video ya dakika hiyo hiyo moja hula megabaiti kadhaa, na ikiwa imepigwa kwa kamera nzuri hula zaidi ya hapo. Anayelipia ni mtumaji na pia kila mpokeaji aliyeiacha simu yake ipakue picha na video yenyewe. Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, mtu anaweza kuzima upakuaji huo kwa nusu dakika. Mwenzetu alipozima, na kuwafundisha wazazi nao wazime, bando alilokuwa akilimaliza siku ya nne likamfikisha mwisho wa wiki. Pia aliliweka kundi la darasa katika hali ya wasimamizi tu ndio wanaoandika, na usingizi wake ukarudi.

Lililomshinda ni hesabu ya waliomo na wasiokuwamo. Darasa lake lina watoto zaidi ya 60, na wazazi waliomo kundini hawafiki nusu. Shule iliwahi kutangaza siku ya kuleta mahindi ya uji kwa njia ya kundi peke yake. Asubuhi yake waliokuja mikono mitupu walikuwa ni watoto wa wazazi wasiokuwa na simu janja, na aibu wakaibeba watoto, si wazazi wala mwalimu. Tangu hapo tangazo huandikwa kwanza ubaoni, watoto wakalinakili, ndipo likapelekwa kwenye simu. Ni kazi mara mbili. Wanaosema kwamba simu inapunguza kazi ya mwalimu tungependa wakae naye siku moja.

Lipo na suala la picha. Mwalimu anapiga picha watoto wakicheza ngoma siku ya mahafali, anaituma kundini, mzazi mmoja anaiweka kwenye Facebook, na jioni uso wa mtoto wa mtu uko duniani. Wengi wetu tumelelewa tukiona picha ni jambo la heri. Lakini mwezi Septemba mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Sisi huku tuna karatasi ambayo mzazi huitia saini mwanzoni mwa mwaka, na wako wawili waliokataa. Watoto wao hukaa nyuma ya kamera, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa tuje kwenye programu zisizohitaji intaneti, kwani hapa ndipo tulipoona faida kubwa kuliko mahali pengine pote. Huenda wasomaji wengi hawakumbuki kwamba mkoa huo huo wa Tanga ulifanyiwa moja ya majaribio makubwa duniani ya kumfundisha mtoto kusoma kwa kifaa peke yake. Lilikuwa ni shindano la Global Learning XPRIZE, lililofadhiliwa na tajiri Elon Musk. Programu tano zilizofika fainali ziliwekwa kwenye vishikwambi, navyo wakapewa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuhudhuria shule. Umoja wa Mataifa, kupitia mashirika ya UNESCO na WFP, ulishirikiana na serikali ya Tanzania katika kazi hiyo, na vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua.

Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu zote tano za fainali zikaachwa wazi ili yeyote azitumie na kuzirekebisha.

Habari hiyo ilipotoka, wako waliofurahi kwamba sasa mwalimu hahitajiki. Sisi tunaisoma kwa namna nyingine. Nusu walijifunza, na hilo si dogo kwa mtoto ambaye hakuwa na shule. Lakini nusu nyingine haikusoma hata neno, na hao ndio wanaomhitaji mtu wa kuwashika mkono. Tena tuangalie kilichowezesha jaribio lile: kifaa kilikuwapo, umeme wa kukichaji uliandaliwa, na somo lilikuwa limo ndani tayari, kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu vocha. Yote matatu yalilipiwa na mtu mwingine. Kijijini kwa mwenzetu leo kifaa kipo, umeme upo siku nyingine, na la tatu ndilo tulilojaribu kumsaidia.

Tulichofanya ni hiki. Ipo programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Masomo hupakiwa mara moja kwenye kifaa kimoja, na vifaa vingine vilivyo karibu huyasoma kutoka humo kwa mawimbi ya ndani ya chumba, bila bando. Miongoni mwa yaliyomo ni video za hisabati za Khan Academy kwa Kiswahili. Tulizipakua huku kwa intaneti ya nyumbani, tukazitia kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha, na jamaa mmoja aliyekuwa akisafiri akaibeba ndani ya pochi yake pamoja na dawa za wazee na chokoleti. Shilingi ngapi zingetumika kuyapakua kule kijijini? Hatukupiga hesabu, ila mwenzetu alisema asingethubutu hata kuanza.

Programu ya pili iliyotupendeza ni ya African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, wenye hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo ni huru: mtu anaweza kuzisoma simuni, kuzichapisha, hata kuzibadilisha ziendane na mahali pake. Huku tulichapisha kumi, tukazibana kwa stepla, watoto wakaenda nazo nyumbani. Kule Tanga haikuwa rahisi hivyo. Wanafunzi wa Tanzania hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo darasani kuna simu moja tu, ya mwalimu, na kioo cha simu hakiwezi kuonwa na watoto 60. Mwenzetu aliinakili hadithi kwa chaki ubaoni, ukurasa kwa ukurasa, na michoro akaichora mwenyewe. Anasema fisi wake alifanana na mbuzi. Watoto walicheka, wakasoma, na kesho yake wakaomba nyingine.

Kwa wasiokuwa na simu janja kabisa mambo si giza tupu. Kitochi, ambacho Wakenya hukiita kabambe au mulika mwizi, bado kinafanya kazi nyingi kwa ujumbe mfupi na kwa namba za nyota na reli. Tanzania mzazi anaweza kupata huduma kadhaa za serikali, yakiwamo matokeo ya mitihani ya taifa, kwa kuanzia na *152*00#. Kampuni ya Eneza ya Kenya kwa miaka mingi imewapelekea wanafunzi maswali ya marudio kwa ujumbe mfupi, na Shule Direct ya Tanzania, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu, nayo ilipita njia hiyo pamoja na ile ya intaneti. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, vinaonekana kwenye televisheni bila simu yoyote, na watoto wetu wa huku wanavijua nyimbo zake kuliko sisi.

Kuhusu lugha tulikuwa na hamu kubwa zaidi, kwa kuwa wanafunzi wetu wakipewa kazi ya nyumbani hukimbilia programu za kutafsiri. Wenye umri wetu watakumbuka kamusi ya mtandaoni ya Kamusi Project iliyoanzia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na Jambo OpenOffice iliyotoka Dar es Salaam mwaka 2004. Hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Google Translate ilikiingiza Kiswahili mwaka 2009. Mwaka 2017 Duolingo ikafungua kozi ya Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza, iliyoandaliwa na watu waliojitolea, na mwaka huo huo kibodi ya Google ikaanza kuandika Kiswahili kinachotamkwa. Mwalimu mwenye majalada mengi ya kusahihisha anaweza kusema badala ya kuandika, na vidole vikapumzika.

Programu moja ya kutafsiri, ambayo hatutaitaja, ilituchekesha. Mtoto aliandika “shangazi amenipigia jana”, nayo ikatoa Kiingereza cha kwamba shangazi alimchapa. Mama yake alipoiona kazi hiyo alitupigia simu kutaka kujua ni shangazi yupi. Programu hiyo hiyo ilipopewa habari za daktari na muuguzi bila kutajwa jinsia, daktari akawa mwanamume na muuguzi akawa mwanamke, wakati “yeye” wa Kiswahili hambagui mtu. Badala ya kuipiga marufuku tumeifanya kuwa mwanafunzi wa nyuma darasani: kila Jumamosi inapewa sentensi tano, na watoto wanaisahihisha. Kauli ya kutendea, ambayo tulihangaika nayo mwaka mzima, imeeleweka kwa wiki tatu, kwa sababu kila mtoto anapenda kumsahihisha mtu mwingine.

Zile programu za akili mnemba, zilizovuma tangu mwishoni mwa mwaka 2022, huandika azimio la kazi na andalio la somo kwa kufumba na kufumbua. Tulimwombea mwenzetu andalio la somo la vipimo vya urefu. Likaja safi, lenye vichwa vya habari, likimtaka awagawe wanafunzi katika makundi ya wanne wanne, kila kundi na kishikwambi chake, na kuonyesha picha ukutani kwa projekta. Alilisoma, akacheka, akatoka nje kukata vijiti vya urefu wa mita moja. Tunachoweza kusema ni kwamba zinamfaa mwalimu anayelijua somo lake tayari, na kwamba majina na alama za watoto zisitiwe humo hata kidogo.

Mpaka hapa tumezungumzia kazi. Lakini simu ya mwalimu ndiyo pia mkoba wake wa fedha, na hapa mambo yanakuwa mazito.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, fedha zetu za huku hazipiti tena kwa dereva wa basi. Programu za kutuma fedha zimekuwa nyingi. WorldRemit ilianzishwa mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, na NALA ni ya Mtanzania Benjamin Fernandes, iliyoanzia nyumbani kabla ya kuja kuwahudumia walioko ng'ambo. Tulizilinganisha kadhaa kwa kutuma fedha ndogo ndogo za karo na madaftari. Ushauri wetu ni mmoja: usiangalie ada iliyoandikwa, angalia mpokeaji atapokea shilingi ngapi. Programu inayotangaza kwamba haina ada huweza kuipata faida yake katika bei ya kubadilishia fedha, na mtumaji asijue. Na usisahau makato ya upande wa pili. Tozo ya miamala iliyoanza Tanzania mwezi Julai 2021 ilileta malalamiko hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka ule ule.

Halafu kuna mikopo. Watanzania wameipa jina la kausha damu, na jina linatosha. Mwalimu anatafutwa sana na wakopeshaji kwa sababu ana mshahara unaojulikana, na mwisho wa mwezi uko mbali siku zote. Programu inamwahidi fedha kwa dakika tano bila dhamana. Bila dhamana, lakini wakati wa kuisakinisha inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zote zilizomo simuni. Akichelewa kulipa siku mbili, ujumbe unaanza kwenda kwa watu waliomo katika orodha hiyo, kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe.

Msomaji afikirie orodha hiyo ya mwalimu ina nani. Ina wazazi wa watoto 60 na zaidi. Ina mwalimu mkuu, mratibu elimu kata, imamu na mchungaji, na mama wa yule mtoto aliyekuja bila mahindi. Dhamana ilikuwapo, nayo ni heshima ya mwalimu mbele ya watu anaowafundishia watoto. Wala wazazi hao hawakuombwa ruhusa na yeyote namba zao ziende kwa mkopeshaji.

Si jambo la mtu mmoja mmoja. Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu mwishoni mwa mwaka 2021 ili wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na kanuni zake zikatoka mwaka 2022. Katika tangazo lile lile la Septemba 2023 lililoitoza faini shule ya Nairobi, alikuwamo pia mkopeshaji mmoja aliyetozwa karibu shilingi milioni tatu kwa kuwatumia watu ujumbe wa vitisho kwa namba zilizopatikana kutoka kwa wengine. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha za namba na picha za wateja. Na mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, ikawaonya wananchi wajiepushe nayo.

Kwa hiyo walio hatari zaidi sasa ni wale wanaotumiwa kiungo kwa ujumbe mfupi au kwa WhatsApp, wakaisakinisha programu nje ya duka, mahali ambapo katazo la Google halifiki. Ukitumiwa kiungo cha namna hiyo, hata na rafiki, usikifungue. Aliyekwisha kufanya hivyo aingie kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha ruhusa, aondoe ruhusa ya namba, ujumbe na mahali alipo. Ajue pia kwamba kuifuta programu hakurudishi namba zilizokwisha kuchukuliwa.

Wala si wakopeshaji peke yao. Wengi wetu huku tunategemea programu za kutukumbusha nyakati za swala, kwani adhana hatuisikii. Mwezi Novemba mwaka 2020 waandishi wa jarida la Motherboard la Marekani walifichua kwamba Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kuvunja uhusiano huo, na Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaizuia kampuni iliyokuwa X-Mode kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo. Katika nyumba zetu kadhaa za huku ratiba ya karatasi ya msikitini imerudi kwenye mlango wa friji.

Baada ya muhula mzima, simu zetu zimebaki na programu chache kuliko tulizoanza nazo. WhatsApp imebaki, ikiwa imezimwa upakuaji. Hadithi zimebaki, na Kolibri, na ile ya kutafsiri kwa ajili ya kuchekwa. Ya kutuma fedha tumebakisha mbili, ili tuzilinganishe kila mara. Tisa tumezifuta, tatu kati ya hizo kwa sababu zilitaka kujua tuliko wakati kazi yake ilikuwa ni kupiga hesabu ya alama za mtihani.

Mwenzetu wa Tanga amechukua hatua yake mwenyewe. Namba za wazazi amezihamishia kwenye kitochi, ambacho hakuna mkopeshaji anayeweza kukiomba ruhusa, na akaziandika pia kwa kalamu katika daftari la mahudhurio. Sasa anatafuta kadi ya kumbukumbu ya pili kwa ajili ya darasa la nne, na jamaa yetu mwingine anasafiri mwezi ujao.